Uvimbe Mdogo wa Tezi ya Kichwani: Si Laana, Unatibika

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Tukuyu)



Nyuma ya pua, chini ya ubongo, ipo tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, lakini ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: ukuaji, hedhi, uzazi na maziwa ya mama.

Wakati mwingine tezi hii huota uvimbe. Ulio chini ya milimita 10 huhesabiwa kuwa mdogo. Karibu wote si saratani, na watu wengi wanao bila kujua wala kudhurika. Shida huja pale uvimbe unapotoa homoni kupita kiasi, hasa prolaktini, homoni ya maziwa. Mwanamke hukosa hedhi, hutokwa na maziwa ingawa hanyonyeshi, wala hashiki mimba. Mwanaume hupungukiwa nguvu za kiume. Uvimbe ukiwa mkubwa huumiza kichwa na kubana mishipa ya macho, hata mgonjwa asione vizuri pembeni.

Hapa ndipo penye uchungu. Mama wa namna hii husemwa kuwa amerogwa, na wengine hurudishwa kwao. Miaka hupotea kwa waganga, kumbe mara nyingi vidonge vya bromokriptini au kabegolini vinatosha. Uvimbe hunywea, hedhi hurudi na wengi huzaa. Wachache huhitaji upasuaji, ambao kwa kawaida hupitia puani, bila kufungua fuvu.

Hata hivyo, si kila dalili ni uvimbe. Mimba, baadhi ya dawa na ugonjwa wa tezi ya shingo huleta mambo hayo hayo. Kwa hiyo vipimo vitangulie: aanzie Hospitali ya Makandana, na ikibidi apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Aliyeanzishiwa dawa asiziache bila kumwuliza daktari.

Ndugu wajumbe, nawaomba mambo matatu. Mkisikia neno "tasa" likitajwa, lizuieni. Mshaurini mume aende hospitali pamoja na mkewe. Na mfuko wa diakonia usaidie nauli, kwa maana mgonjwa wa Mwakaleli hushindwa safari kabla hajashindwa na ugonjwa. Tuwaombee, na tuwasindikize mpaka kwa daktari.