Mabao 15 ya Siku Moja: Nani Awajibike Mechi Inapouzwa?

Mhadhara wa umma, Maramba, Wilaya ya Mkinga



Nimeombwa nizungumzie mechi zinazouzwa, na nani abebe mzigo zinapojulikana kuwa zimeuzwa. Nimefurahi kwamba mazungumzo haya yanafanyika hapa na si mjini Tanga. Mpira wa nchi hii hauanzii kwenye uwanja wa Mkwakwani. Unaanzia kwenye viwanja vya vumbi kama hivi vyetu, na udanganyifu wake nao hujifunzwa huku huku, pale mtoto anapoona mkubwa akimnong'oneza refa halafu kila mtu akanyamaza.

Turudi kwenye msimu wa 2015/16. Hapa Tanga hakuna aliyeusahau. Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja zote tatu kwa mpigo. Mkoa uliomtoa bingwa wa nchi mwaka 1988 ukabaki hauna timu hata moja Ligi Kuu. Wagosi wa Kaya wa Coastal na Wana Kimanumanu wa African Sports, watani wa siku zote, walilia msiba mmoja. Lawama zikagawiwa kwa kila mtu: kocha, uongozi, wachezaji, hata wazee wa timu hawakusalimika. Yalikuwa maumivu makali, ila yalikuwa na hesabu iliyoeleweka: pointi hazikutosha. Shabiki aliyelipa kiingilio alikuwa ameona kwa macho yake kilichotushusha.

Msimu ule ule, upande wa magharibi wa nchi, kulikuwa na hesabu nyingine. Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na timu 24 zilizogawanywa katika makundi matatu ya timu nane nane, na kinara wa kila kundi ndiye aliyepanda. Kundi A lilimpandisha African Lyon, Kundi B Ruvu Shooting. Kundi C lilifika siku ya mwisho, Februari 2016, Geita Gold na Polisi Tabora zikikabana koo kileleni na tofauti ya mabao ikisubiriwa iamue. Jioni hiyo Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 katika mechi mbili, siku ambayo kila bao lilikuwa na thamani ya kupanda Ligi Kuu.

Nchi nzima ikapiga kelele. Aprili 2016 Kamati ya Nidhamu ya TFF ikatoa uamuzi: timu zote nne ziliadhibiwa kwa kushushwa daraja, na baadhi ya viongozi, waamuzi na makipa wakafungiwa, wengine miaka 10, wengine maisha, pamoja na faini. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza.

Sitataja jina la mtu yeyote kati ya walioguswa. Sikuja Maramba kuwahukumu watu mara ya pili. Nimekuja kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, hatukuliuliza sawasawa: katika mnyororo wa watu wanaohitajika ili mechi iuzwe, nani alikuwa na nguvu ya kuizuia, na je, adhabu ilimfuata yeye kwanza?

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu ushahidi. Mabao mengi peke yake si ushahidi wa rushwa. Mwaka 2014 Ujerumani iliifunga Brazil 7-1 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na hakuna bahasha iliyopita. Jirani zetu wa Madagascar waliona mechi ya 149-0 mwaka 2002, pale SO l'Emyrne walipojifunga wenyewe bao baada ya bao mbele ya AS Adema kwa hasira dhidi ya uamuzi wa refa. Ilikuwa aibu, lakini haikuwa biashara. Matokeo ya ajabu ni sababu ya kuanza uchunguzi. Hayawezi kuwa hitimisho lake. Anayemfungia kijana maisha kwa sababu tu ya ubao wa matokeo anatenda dhuluma nyingine juu ya ile ya kwanza. Lazima aonyeshe nani alizungumza na nani, pesa au ahadi gani ilipita, na mhusika alifanya nini uwanjani kuitimiza.

Sasa tumwangalie kipa, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Kona imepigwa. Kipa anatoka hatua mbili, anasita, anarudi moja. Hatua ile moja inatosha, mpira umeshapita. Beki aliyemwachia mtu wake akimbie huru hakumbukwi. Kiungo aliyepoteza mpira kwa makusudi yuko katikati ya uwanja, mikono kiunoni, kama mtu aliyechoka. Kiongozi aliyepokea simu usiku wa jana yuko jukwaa kuu, amevaa miwani. Picha itakayotoka gazetini kesho ni ya kipa akiinama kuokota mpira nyavuni. Kosa limepata sura, na sura hiyo ni ya mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Simtetei kipa aliyeuza mechi. Mchezaji anayeachia mabao amewaibia wenzake kumi na amemwibia mtoto aliyeuza machungwa apate nauli ya kwenda uwanjani. Anastahili kufungiwa. Lakini tuwe wakweli juu ya namna jambo hili linavyotokea. Timu imeshashuka, au haina cha kutafuta tena kwenye msimamo. Katika ligi zetu za chini mchezaji kudai mshahara wa miezi kadhaa si habari ya kushangaza mtu. Mkataba wake unaisha na msimu. Anayemfuata si mgeni: ni kiongozi wake mwenyewe, mtu anayepanga nani acheze na nani alipwe. Kijana wa miaka 21 anaambiwa na mkubwa wake, "Leo tusijichoshe." Akikataa, nani atamlinda? Akikubali, hukumu inamkuta peke yake. Kwa timu za majeshi, ambako mchezaji ni askari au kijana aliye chini ya amri, swali hili lina uzito zaidi, na wana Maramba mnaoishi na kambi ya JKT jirani mnalielewa kuliko mimi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: uzito wa adhabu ufuate uzito wa mamlaka. Aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana bila kupoteza mkate wake ndiye wa kwanza kuwajibika. Kiongozi wa klabu kwanza, kisha kiongozi wa chama cha mkoa kama aliingia humo, kisha msimamizi wa mchezo, yaani kamisaa, kisha mwamuzi, kisha nahodha, ndipo tumfikie kijana wa mwisho. Kwa desturi yetu tunakwenda kinyume. Tunaanzia chini kwa kelele, na tunapofika juu tumeshachoka. Tunavua dagaa, papa wanaendelea kuogelea.

Naomba nikae kidogo kwa kamisaa, kwa sababu watu wengi hawaijui kazi yake. Kabla ya mechi ya ligi kuna kikao. Kamisaa anakaa na waamuzi na viongozi wa timu zote mbili, na watu wa usalama. Rangi za jezi zinakubaliwa, hadi jezi na soksi za makipa, zisifanane na za mtu mwingine. Leseni za wachezaji zinakaguliwa, picha kwa sura. Baada ya filimbi ya mwisho anajaza ripoti: matokeo, kadi, mwenendo wa mashabiki, hali ya uwanja. Mtu huyu amewekwa pale na chombo kinachoendesha ligi ili awe macho yake. Mwenye jicho la kuona soksi ya kipa anatakiwa pia aone beki anayesimama na kumwangalia mshambuliaji akipita. Kama ripoti ya mechi ya namna hiyo inaandikwa kwamba mchezo ulikwisha salama, basi hiyo ripoti ni sehemu ya kosa. Na aliyemteua kamisaa yule, kwenye mechi ambayo kila mtu alijua itaamua nani apande, naye aitwe aeleze.

Kuna wanaouliza: je, ni haki kuishusha klabu nzima? Shabiki wa Geita alikosa nini? Hakukosa kitu, na bado aliumia. Mchuma janga hula na wa kwao. Hata hivyo naiona adhabu ile kwa klabu kuwa ya haki, kwa sababu moja: klabu ndiyo ingevuna. Ukimfungia kiongozi ukaiacha klabu ipande, umemlipa aliyeagiza mali ya wizi na kumfunga aliyeibeba tu. Tena adhabu ya klabu si kifo chake. Geita Gold walirudi wakaanza upya, wakapanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, wakamaliza nafasi ya nne, na George Mpole wao akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Msimu uliofuata walicheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Hayo waliyapata kwa miguu yao, na hakuna wa kuwanyang'anya.

Na tazameni kilichokuwa karibu kuibiwa. Mbao FC, waliopanda baada ya hukumu ile, katika msimu wao wa kwanza waliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, wakaenda fainali Dodoma Mei 2017, na Simba ikahitaji dakika za nyongeza kuwafunga 2-1. Kama ulaghai wa Kundi C ungepita, vijana wale wa Mwanza wangebaki daraja la kwanza, na hakuna kati yetu ambaye angejua nchi imekosa nini. Waathirika wa mechi iliyouzwa mara nyingi hawana sura. Ndiyo maana huruma yetu haiwafikii.

Ugonjwa huu si wa Watanzania peke yao. Nigeria mwaka 2013 timu mbili zilizokuwa zikigombea kupanda kwa tofauti ya mabao zilishinda siku moja 79-0 na 67-0. Kenya, mwaka 2018, mwamuzi msaidizi Aden Marwa, aliyekuwa amechaguliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi, alinaswa kwenye kamera ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600. Akaikosa Urusi, na CAF ikamfungia maisha. Mwaka 2020 FIFA ikawafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz, mmoja maisha na watatu miaka minne. Mwaka uliofuata Zoo FC ikatolewa Ligi Kuu ya Kenya kwa kupanga matokeo. Siku hizi mnunuzi wa mechi hana haja ya kombe wala ya kupanda daraja. Anataka mkeka wake utiki tu. Vijana wanaobeti hapa Maramba wajue kwamba pesa yao ya kibarua inaweza kuwa imeshaliwa kabla filimbi haijapulizwa.

Hapa ndipo penye jambo linaloniuma kuliko yote: namna tunavyomtendea anayefichua. Mwaka 1993, siku chache kabla ya Marseille kucheza fainali ya Ulaya, mchezaji wa Valenciennes aitwaye Jacques Glassmann alifichua kwamba yeye na wenzake wameahidiwa pesa ili walegeze mechi yao dhidi ya Marseille. Alisema kweli. Marseille ilivuliwa ubingwa wa Ufaransa na baadaye kushushwa daraja, na mwenye klabu, Bernard Tapie, alifungwa jela. Glassmann je? Alizomewa viwanja vya Ufaransa. Alimalizia mpira wake Réunion, kisiwa cha Bahari yetu hii ya Hindi. FIFA ilimpa tuzo ya mchezo wa kiungwana mwaka 1995, lakini kazi ya mpira mkubwa hakuipata tena. Nasi huku tuna majina ya kumpa mtu kama huyo: mnoko, msaliti, mchoma timu. Jamii inayomzomea aliyesema haiwezi kudai inachukia rushwa. Ninawalaumu mashabiki kwa hilo, na ninawalaumu mkiwemo nyinyi mnaonisikiliza, kwa sababu jukwaa ndilo linaloamua kama kijana atathubutu kufungua mdomo.

Ninayoomba yanawezekana. TFF iweke njia ya kupokea taarifa ambayo haipiti kwa kiongozi wa klabu wala wa chama cha mkoa, na mchezaji anayetoa taarifa mapema alindwe mkataba wake. Kila hukumu ya kupanga matokeo ichapishwe na sababu zake, ili anayesafishwa kwa rufaa asafishwe hadharani kama alivyochafuliwa. Klabu isiyolipa mishahara isiruhusiwe kufika raundi ya mwisho ikiwa bado inadaiwa, kwa sababu kipa mwenye njaa ni bidhaa rahisi sokoni. TAKUKURU wasisubiri nchi ipige kelele. Mechi za siku ya mwisho zinajulikana tangu ratiba inapotoka.

Nanyi viongozi wa timu za kata hapa Mkinga, ligi yenu ina siku ya mwisho kama ligi nyingine yoyote. Safari hii, kijana wenu akija kuwaambia kwamba ameahidiwa kitu, msimuulize kwanza ni nani mwingine anajua. Mshukuruni, andikeni maelezo yake siku hiyo hiyo, na mwende naye mkayatoe.