Fedha ya Mgonjwa Isijenge Ukumbi

Hotuba katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana Chumbageni waishio Dar es Salaam

  

Kamati imenipa dakika kumi na tano nieleze jinsi Kanisa Katoliki linavyoendesha kazi za huruma kule nyumbani, kuanzia ngazi ya chini kabisa. Mimi si padri wala katekista, ni mhasibu. Kwa hiyo nitazungumzia kile ninachokijua, yaani fedha inavyoingia, nani anaishika, na inatoka kwa sababu gani. Wote tunajua kwa nini mada hii imeletwa leo. Mezani kuna pendekezo kwamba mfuko wetu wa wagonjwa uunganishwe na mfuko wa ujenzi wa ukumbi. Nitafika huko.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Anthony wa Padua liko kwetu Chumbageni, na hata asiyesali pale humwelekeza mgeni njia kwa kulitaja. Jimbo la Tanga lilianza kama eneo la kimisionari mwaka 1950, likawa jimbo kamili mwaka 1958. Askofu wake wa kwanza, Eugene Arthurs, alitoka katika Shirika la Upendo, ambalo wengi tunalijua kwa jina la Warosmini. Lakini askofu, hata awe mwema namna gani, hawezi kujua kwamba bibi fulani nyuma ya soko hajala tangu jana. Anayejua ni jirani.

Ndiyo maana katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba msingi wa Kanisa uwe jumuiya ndogo ndogo. Hizi ni kaya chache zinazokaa karibu, zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, wanasoma Neno, wanasali, kisha wanaulizana habari. Jumuiya ina mwenyekiti, katibu na mhazina. Jumuiya kadhaa hufanya kanda au kigango, vigango hufanya parokia, parokia hufanya jimbo. Pembeni yake kuna vyama vya kitume. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, upo tangu mwaka 1972. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho kazi yake hasa ni kuwatembelea maskini majumbani mwao, kilianzia Paris mwaka 1833, kikianzishwa na Frederic Ozanam na wanafunzi wenzake. Ngazi ya jimbo na ya taifa kuna Caritas.

Sasa tazameni msaada unavyotembea. Mtu akiugua, habari inafika jumuiyani kwanza. Wanachanga, wawili watatu wanakwenda kumwona. Likiwazidi, linapelekwa parokiani. Likiwa kubwa zaidi, kama mafuriko au njaa, ndipo jimbo na Caritas wanaingia. Kinachoweza kumalizwa na majirani hakipandishwi juu.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi hatuifikirii, nayo ni huduma ya kiroho hospitalini na magerezani, ile inayoitwa uchaplensia. Hospitali ya Bombo inapokea wagonjwa kutoka mkoa mzima. Mgonjwa aliyetoka Kilindi au Mkinga hana jumuiya pale wodini. Jirani zake wamebaki kijijini. Padri anakwenda kwa ajili ya sala na sakramenti, lakini mgonjwa anahitaji pia sabuni, uji, na siku ya kuruhusiwa anahitaji nauli. Vivyo hivyo kwa mfungwa anayetoka Maweni akiwa na nguo alizovaa tu. Hapo hakuna wa kumchangia papo hapo. Lazima fedha iwe imeshatengwa mapema, na ikutwe ipo.

Niruhusuni niseme la nyumbani. Mama yangu alikuwa mhazina wa jumuiya. Hakuwa na leja wala kompyuta, alikuwa na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, ya tatu kiasi. Safu ya nne aliiandika "kwa ajili ya". Humo utakuta: ya mgonjwa, ya msiba, ya zaka, ya mavuno. Mwaka mmoja jumuiya yao ilipungukiwa mchango wa paa la kigango, na siku ya kuwasilisha ilikuwa keshokutwa. Wenzake wakamwambia, "Dada, kwenye bahasha ya wagonjwa kuna fedha, na hakuna anayeumwa. Chukua humo, tutarudisha." Akakataa. Akawaambia fedha ile ina mwenyewe, ila bado hatujamjua jina. Wakazunguka tena nyumba kwa nyumba usiku ule.

Nisiwafiche, fedha ile ya wagonjwa ilikaa miezi mitano bila kuguswa, na wapo waliomnung'unikia. Mwezi wa sita iliondoka yote kwa siku moja. Mama mjamzito alikimbizwa Bombo alfajiri, na hapakuwa na muda wa kuchanga.

Nilipokwenda kusomea uhasibu nilikuta safu ile ya nne ina somo lake zima: fedha iliyotolewa kwa masharti. Baadaye nikakuta Kanisa nalo limeiandika. Katika sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya uchumi ya kumsaidia paroko katika kusimamia mali. Na kanuni ya 1287 inataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya walichokitoa. Ndiyo maana Jumapili mnasikia mapato yakisomwa kabla ya baraka ya mwisho, ingawa wengine huwa wameshaanza kutafuta viatu vya watoto.

Wala hili si la Wakatoliki peke yao. Ndugu zetu Waislamu, walio wengi katika mji wetu, wanalijua tangu zamani. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili kuipokea, yaliyotajwa katika Qur'an, na haitoki nje ya hayo. Mtu akiweka wakfu shamba la minazi kwa ajili ya msikiti au mayatima, sharti lake linaheshimiwa hata baada ya kufa kwake. Neno zaka tunalitumia wote, kila mmoja kwa maana yake, lakini juu ya amana tunakubaliana.

Sasa nirudi kwenye pendekezo. Wanaolileta si watu wabaya, na hoja zao ni nzito. Wanasema ukumbi utapangishwa kwa arusi na mikutano, na kodi yake itasaidia wagonjwa wengi zaidi. Wanasema fedha iliyokaa benki inaliwa na kupanda kwa bei. Wanasema mafundi wanasubiri. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe nautaka ukumbi, na nimeahidi mchango wangu.

Lakini kadi tulizogawa zilikuwa na maneno "Mfuko wa Wagonjwa". Mama ntilie aliyetuma shilingi elfu mbili kwa simu alizituma kwa sababu ya maneno hayo. Huenda kwa ukumbi asingetuma kitu, na ni haki yake. Tukizihamisha kwa kura ya walio hapa leo, tutakuwa tumepiga kura juu ya fedha ambayo si yetu. Na mwaka kesho tukimpelekea kadi nyingine, atauliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Chama kama chetu hakina askari wala mahakama ya kudai michango. Kina kuaminiwa tu.

Vilevile tukumbuke kwamba ukumbi unaweza kusubiri mvua ziishe. Anayesubiri nauli ya kutoka wodini hawezi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uyafikirie haya.

Kwanza, kadi ya mchango ya mwaka huu iwe na visanduku viwili, ukumbi na wagonjwa, na kila mtoaji aweke alama mwenyewe. Risiti iandikwe vilevile.

Pili, fedha iliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya wagonjwa ibaki ilipo. Anayetaka sehemu yake iende ukumbini aseme kwa maandishi. Asiyejibu, tuhesabu kwamba amekataa.

Tatu, tusiruhusu ukumbi kukopa kutoka mfuko wa wagonjwa, hata kwa wiki moja. Mkopo wa aina hiyo hauna wa kuudai, kwa sababu mgonjwa hajui kama anadai.

Nne, kila miezi mitatu mhazina atoe taarifa ya kilichoingia na kilichotoka kwa kila mfuko. Idadi ya waliosaidiwa itajwe, majina yao yasitajwe. Mtu asilipe msaada kwa heshima yake.

Tano, tuwe na watu watatu wanaokaa Chumbageni kwenyewe, wa dini zote, wa kutuambia nani anahitaji. Sisi wa Dar es Salaam tunajifunza habari za nyumbani kwenye kundi la simu, mara nyingi baada ya mazishi. Wao wanapita mlangoni kwa mgonjwa. Tuwape kiwango kidogo wanachoweza kukitoa siku hiyo hiyo kwa sahihi za wawili, kisha watuletee risiti.

Ndugu zangu, kadi ziko mlangoni kwa katibu. Mwenye uwezo ajaze visanduku vyote viwili. Asiye nao achague kimoja, na alichoandika ndicho kitakachofuatwa.