Sketi za Ushanga za Wanawake Wairaqw



Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, hukaa katika nyanda za juu za Mbulu na Karatu, kaskazini ya Tanzania. Zamani wanawake wao walikuwa na vazi la fahari la sherehe: sketi ya ngozi, iliyoshonewa ushanga wa rangi mbalimbali kwa mistari na duara. Ngozi ilitoka katika mifugo yao wenyewe. Ushanga wa kioo uliletwa na wafanya biashara kutoka ng'ambo.

Sketi hiyo ilikuwa kazi ya msichana mwenyewe. Wasichana walipotawishwa katika unyago ulioitwa Marmo, walifundishwa mambo ya utu uzima, na huko ndiko walikoshona sketi zao. Kwa hiyo aliyeivaa alionyesha pia subira yake na ustadi wa mikono yake.

Marmo ilikoma karibu na mwaka 1930. Pamoja nayo ilifungwa shule ya mshono huo. Sketi nyingi za zamani sasa zimo katika majumba ya makumbusho na mikononi mwa wanunuzi wa ng'ambo.

Kujifunza mshono hakuhitaji kurudisha unyago. Sindano, ngozi na mwalimu vyatosha. Basi aliyerithi sketi ya bibi yake asifanye haraka kuiuza. Kwanza binti zake waketi, waitazame na kuiga mshono wake. Fedha huisha, ufundi ukirithishwa hudumu.