Daftari lililobaki chini ya sanduku



Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeizoea hata tumeacha kuuliza swali linaloifuata: vimeundwa na nani? Leo naomba tuliulize swali hilo juu ya jambo moja tunalojivunia sana sisi watu wa Dar es Salaam, yaani ngoma na muziki wetu.

Majuzi nilihudhuria arobaini ya bibi mmoja, jirani yangu hapa Mchikichini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa jamaa zake wangali katika majonzi. Alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, na kwa zaidi ya miaka hamsini aliishi chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ile nyumba yetu ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na uani nyuma. Nyumba hiyo imekwisha kuuzwa. Mnunuzi anataka kujenga ghorofa, kwa hiyo baada ya dua na pilau ilikuwa kazi ya kutoa vyombo.

Mjukuu wake, kijana anayeuza mitumba soko la Karume, alifungua sanduku la bati la marehemu. Khanga wakagawana shangazi zake. Chini kabisa kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha kaniki. Kijana akalipima mkononi, akaniambia, "Mzee, hili nampa yule muuza karanga wa pale kona. Lina karatasi nyingi."

Nikamwomba nilitazame kwanza.

Lilikuwa daftari la kikundi cha ngoma. Kurasa za mwanzo ni za mwaka 1963. Mwandiko ni ule wa shule za kisomo cha watu wazima, herufi kubwa kubwa zimesimama wima kama nguzo. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, mtaa na nyumba. Ya tatu, mchango. Ya nne, sare. Ya tano, msiba. Nilitafuta safu ya kabila. Haikuwepo.

Lakini majina yenyewe yalisema. Palikuwa na binti fulani ambaye jina la babaye huwezi kulikuta ila Uzaramo. Chini yake Mmanyema, ambaye wazee wake walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chini yake Mnyamwezi, Mluguru, Mdengereko, Mngazija. Wakristo walikuwemo na Waislamu walikuwemo. Na wote walidaiwa mchango uleule, na walionunua sare walinunua doti ileile.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili halikutokea kwa bahati. Tazameni jinsi mji huu ulivyokaa. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tangu mwanzo basi palikuwa mahali pa watu waliotoka mbali. Mgeni alipofika mjini alipanga chumba, hakupanga nyumba. Vyumba sita vilikuwa na makabila sita, na uani ni mmoja. Kisima kimoja, choo kimoja, jiko moja la mkaa la kuazimana. Anayeimba akifua nguo husikiwa na watano wengine. Basi kikundi cha ngoma kilizaliwa uani na mtaani, na makabila yaliingia humo kama mboga ziingiavyo chungu kimoja.

Kabla ya akina bibi hawa palikuwa na beni. Ngoma hiyo ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na vita vya 1914 hadi 1918 vikaisambaza Afrika Mashariki yote. Hapa Dar es Salaam tulikuwa na Marini na Arinoti, wakishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa vyeo vya kijeshi walivyopeana wenyewe. Waliokuwa wakitazama kutoka nje waliona mchezo wa kuiga Wazungu. Lakini mwanahistoria Terence Ranger, aliyetoa kitabu kizima juu ya ngoma hizo mwaka 1975, alionyesha kuwa nyuma ya vyeo vile palikuwa na kazi ya maana: mgeni kupokewa, mgonjwa kutazamwa, maiti kuzikwa kwa heshima. Tarumbeta ilikuwa mlangoni; chama cha kusaidiana kilikuwa ndani.

Ikaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Baadaye, kuelekea Uhuru, zikawapo bendi kama Kilwa Jazz na Western Jazz, majina yanayotaja walikotoka waanzilishi wake. Mwaka 1978 ikaundwa Mlimani Park, akiwamo marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, na wenzake kama Hassan Rehani Bitchuka na Cosmas Chidumule. Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na nchi nzima ikaucheza. Mwaka huohuo 1978 marehemu Remmy Ongala aliwasili kutoka Kongo, tukamfanya wetu hata kituo cha basi cha Sinza kikapewa jina lake.

Hao tunawajua. Sauti zao zilipita redioni, picha zao zilitoka magazetini. Lakini nani alikuwa akikaa mlangoni kukata tiketi? Nani alibeba maspika usiku wa manane? Nani alishona yale mashati yaliyofanana? Hapo sote tunanyamaza.

Na kunyamaza huku kuna gharama yake. Nitatoa mfano mmoja tu, nao ni mkubwa.

Mwaka 1955 chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kilitaka wanawake, na hakikujua kitawapataje. Akaletwa Bibi Titi Mohamed, mama aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1926. Sifa yake kubwa wakati ule ilikuwa nini? Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kubandika matangazo ukutani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama, mmoja baada ya mwingine, nao wakawaita watu wao. Kwa muda mfupi wanawake wakawa wengi katika TANU, hata wanaume wakashangaa walitoka wapi.

Walitoka uani, ndugu zangu. Walikuwa wamekwisha kujipanga. Walikuwa na viongozi wao, na michango yao, na desturi ya kuitana usiku na kila mtu akafika. Walikuwa wamezoea kukaa Mzaramo na Mmanyema na Mnyamwezi kwenye mkeka mmoja bila ya kufundishwa na mtu. Mwanahistoria wa Kimarekani Susan Geiger aliyakusanya maneno ya akina mama hao, akayatoa katika kitabu mwaka 1997, na hoja yake ni kwamba umoja ule haukuletwa na wasomi peke yao. Akina mama waliingia nao. Leo Bibi Titi, aliyefariki mwaka 2000, ana barabara yenye jina lake katikati ya jiji, na ni haki yake. Lakini yule mama aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kuwaambia wenzake, "Jumapili tunakwenda, vaeni sare," huyo hana hata kichochoro.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kunyooshea wengine kidole.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwandishi kijana, nilitumwa kuandika habari za kikundi cha bibi huyuhuyu. Walikuwa wakicheza katika sherehe moja. Niliandika habari nzuri, au mimi niliiona nzuri. Nilimtaja mwimbaji. Nilimtaja mgeni rasmi, na maneno yake yote. Kesho yake jioni bibi akaniita uani kwake. Alikuwa amesomewa gazeti na mwenzake, kwa kuwa macho yalikwisha kuanza kumsumbua. Hakukasirika. Aliniandalia chai kwanza, kisha akasema:

"Mwanangu, mgeni rasmi umemtaja mara nne. Yeye alikuja saa kumi, akaondoka saa kumi na moja. Yule aliyeamka alfajiri kuwasha moto wa kupasha ngoma umemtaja mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nafasi ya gazeti ni ndogo.

"Nafasi ni ndogo," akasema, "lakini mgeni rasmi ameenea."

Maneno hayo yaliniingia, nami nikayasahau, kama tusahauvyo mengi tukiwa na haraka. Yalinirudia siku ile ya arobaini nilipokuwa nimeshika daftari lake. Maana yeye aliyaandika yote niliyoyaacha. Fulani, kuni za kupashia ngoma. Fulani, nauli ya kwenda Bagamoyo. Fulani, ngozi mpya, ya zamani imepasuka. Fulani na fulani wamegombana, wamepatanishwa, faini kilo moja ya sukari. Na katika safu ile ya msiba, mfululizo wa vifo vya watu ambao leo hakuna anayewakumbuka, kila kimoja na kiasi cha sanda na mchele kilichotolewa.

Jambo jingine nililoliona: ngoma zilikuwa mali yao. Wanamuziki wengi wa dansi wa nchi hii walipiga vyombo vya mwajiri. Bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, au ya shirika. Hata Mlimani Park ilichukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983. Mwajiri akiamua, muziki umekwisha. Akina mama hawa hawakuwa na mwajiri. Kila ngoma imeandikwa: imenunuliwa lini, kwa shilingi ngapi, inalala nyumba ya nani.

Nikaendelea kufunua. Kuanzia miaka ya 1990 safu ya sare inakuwa tupu. Wanachama wamezeeka, na wengine wamehama, maana nyumba zinavunjwa na uani unageuka kuwa stoo ya bidhaa. Ngoma haichezwi ghorofa ya nne. Nilidhani basi daftari limeishia hapo. Lakini safu ya mchango haikuwa tupu, wala ya msiba. Walikuwa wameacha kucheza, hawakuacha kuchangiana. Mwandiko unabadilika, kwa kuwa bibi haoni tena na anamwandikisha mtoto wa jirani, lakini kila mwezi upo.

Katika kurasa za mwisho nikakuta mwezi wa Januari, mwaka 2022. Mnakumbuka mwezi ule. Soko la Mchikichini, hili tunaloliita Karume, liliteketea kwa moto, na watu wakabaki wamesimama wanatazama majivu ya mitaji yao. Daftari linasema: "Mjukuu, meza imeungua yote. Shilingi 85,000." Na chini yake majina kumi na moja, kila moja na alichotoa. Mmoja elfu ishirini. Mmoja elfu mbili.

Nikamwita yule kijana, nikamwonyesha. Akasoma mara ya kwanza, akasoma tena. Akasema, "Bibi aliniambia ni akiba yake."

Hakuwa na akiba. Alikuwa na watu.

Kijana hakusema zaidi. Alilifunga daftari kwa kaniki yake, akaliweka kwapani. Mtani mmoja wa marehemu, Mnyamwezi, mzee wa siku nyingi, aliyekuwa amewachekesha waombolezaji tangu asubuhi kama ilivyo haki ya mtani wa Wazaramo, akataka kutia neno la mzaha. Akaliacha. Kati ya majina yale kumi na moja, watatu tulikuwa nao palepale mkekani, nao hawakuwa wamejitangaza.

Basi nina maombi matatu, nami nimekwisha.

La kwanza ni kwenu mnaoongoza vikundi vya sanaa leo, viwe vya ngoma, taarabu, maigizo au hiyo miziki ya vijana. Andikeni majina ya watu wote, si waimbaji tu. Anayeshona, anayepika, anayelinda vyombo, anayepatanisha. Kikundi kisichojua watu wake hakidumu siku mwimbaji akihamia kwingine.

La pili ni kwa wenye dhamana ya sanaa na kumbukumbu. Baraza la Sanaa la Taifa kwa muda mrefu lilikuwa na makao yake Ilala Sharif Shamba, mwendo wa miguu kutoka hapa Mchikichini. Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Madaftari kama haya bado yamo katika masanduku ya bati, na kila nyumba inayovunjwa inaondoka na lake. Haihitaji semina wala mgeni rasmi. Inahitaji mtu mmoja mwenye adabu, apige hodi.

La tatu ni kwako wewe msikilizaji. Kama una bibi aliyepata kuvaa sare ya ngoma, mwendee wiki hii. Umuulize nani alikuwa akiwasha moto. Anaweza kukutajia jina ambalo halijatamkwa kwa miaka arobaini.

Mimi yangu nimekwisha kuanza. Kijana amenikubalia niende kwake kila Ijumaa jioni, tunanakili kurasa tano tano. Jina la aliyekuwa akiamka alfajiri kupasha ngoma siku ile tumekwisha kulipata. Yupo hai, anaishi Buguruni kwa mwanawe. Jumapili hii nakwenda kumwomba radhi.