Picha Irudiwe, Lakini Watu Waambiwe



Leo tunaongea juu ya mtu ambaye hakuonekana sana, lakini kazi yake mnaiona kila mara mkikusanyika kutazama mechi. Goli likiingia, televisheni inalirudia. Mwenye kuanzisha ile kazi ni Tony Verna, mzaliwa wa Philadelphia, Marekani. Alikuwa mwongozaji wa matangazo ya michezo: anakaa mbele ya skrini nyingi, anaamua kamera gani ionyeshwe sasa hivi. Akikosea, watu wote wameona. Hakuna kufuta.

Tarehe 7 Desemba 1963, timu ya jeshi la nchi kavu na ile ya jeshi la majini zilicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika na mikono, mjini kwake. Rais Kennedy alikuwa ameuawa siku 15 tu kabla. Verna, kijana wa miaka 30, alileta mashine nzito ya kurekodi, akatia alama za sauti kwenye ukanda ili ajue pa kuanzia. Akajaribu, ikakataa. Ukanda ulikuwa umekwisha kutumika, picha za vipindi vya zamani zikatokea. Karibu na mwisho, mchezaji Rollie Stichweh akafunga, na mara moja tu mashine ikatii. Mtangazaji Lindsey Nelson alilazimika kueleza watazamaji kwamba timu haijafunga tena. Wanaona jambo lililokwisha kupita.

Mwaka 1985 Verna alirudi uwanja ule ule, uliokwisha kupewa jina la Kennedy, kwa matangazo ya Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia.

Sasa tuje kwetu. Msimu uliopita tulituma kwa wafadhili picha za ugavi wa mbegu. Zilikuwa za mwaka wa nyuma, na hatukuandika tarehe. Mama mmoja akatuuliza: “Mwanangu, mimi niko kwa foto ninacheka, lakini mbegu iko wapi?” Tulikosa jibu. Mbegu zilichelewa wiki tatu, na hakuna mwenye aliharakisha, maana kila mtu alikwisha kuona picha. Mvua haikutungojea. Kosa lilikuwa letu, tunaomba radhi.

Kurudia picha si ubaya. Ubaya ni kunyamaza kama Nelson angenyamaza. Basi tangu leo kila foto itakuwa na tarehe na jina la kijiji. Mwenye kuonekana ataiona kwanza, akubali. Komite itabaki na nakala. Na ninyi wafadhili, mkipata foto bila tarehe, msitushukuru. Mtuulize.