Hewa Nyepesi ya Tabora

Msikilizaji, tubaki kidogo na suala la ndege ndogo za kukodi. Uwanja wa ndege wa Tabora uko takriban mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na joto la Oktoba huifanya nyepesi zaidi. Kwa ndege ya injini moja ya pistoni, maana yake ni hii: injini inapungua nguvu, mabawa hayabebi vizuri, na ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Ndiyo maana rubani anapandisha abiria kwenye mizani, kisha anasema begi lile libaki.

Wapo wanaolalamika, na si bure. Zamani misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora ikitembea kwa miezi. Aliyekodi ndege nzima anataka kufika leo, na mzigo wake. Lakini kwa upande wa pili, anayeelekea Hifadhi ya Mahale anaufuata mlima Nkungwe, mita 2,462, na ndege iliyojaa mzigo hupanda polepole.

Mimi naona rubani asibishiwe. Mwenye ndege ndiye aseme mapema, kabla hajapokea fedha: alfajiri zinapanda kilo ngapi, na saa nane mchana ngapi? Wewe uliyewahi kukodi, uliambiwa?