Kimbangu Alifia Hapa

Wasikilizaji wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, habari mmekwisha kuisikia: 6 Aprili sasa ni siku ya mapumziko nchi nzima, kwa heshima ya mapambano ya Simon Kimbangu na mwamko wa Kiafrika. Wakimbangisti wameifurahia, na wana haki. Sisi tunaogopa jambo moja tu. Tunaogopa mji huu wa Lubumbashi utaipokea kama konji, siku ya pombe na usingizi.

Mji huu, kuliko miji yote!

Kimbangu alihubiri Nkamba, huko Bas-Congo, tangu 6 Aprili 1921 hadi Septemba mwaka uleule. Miezi mitano na siku chache. Mahakama ya kijeshi ya Thysville ikamhukumu kifo 3 Oktoba. Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na mfungwa akaletwa huku, Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, mbali kabisa na watu wake. Akafia hapa 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini, wasikilizaji. Miaka thelathini ndani ya mji wetu, na mji wetu ukiulizwa una historia gani, unajibu shaba. Kila mara shaba.

Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa katekista wa Kibatisti. Aliwaambia watu watupe hirizi, waache kuoa wake wengi, wamfuate Kristo. Wamisionari walikuwa wakihimiza hayohayo. Lakini huyu alikuwa mtu mweusi, hakuomba ruhusa ya mzungu yeyote, na watu waliacha kazi wakamiminika kwake. Wakubwa wa koloni wakaogopa.

Hatuwatukani mapadri. Wabenedikto wa Monsinyori de Hemptinne, aliyeliongoza kanisa la Katanga tangu 1910 hadi kufa kwake 1958, walifungua masomo, na wazee wetu wengi walijifunzia kusoma hapo. Tunashukuru kwa moyo wote. Ila masomo ya kambi za Union Minière, kampuni ya shaba, yaliendeshwa kwa mapatano kati ya mapadri na kampuni, na kampuni ilitaka watu wa kutii, watu wa kuchimba. Shaba tena.

Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waliogomea mshahara mdogo walipigwa risasi uwanjani, hapahapa mjini. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja nao. Siku hiyo Kimbangu alikuwa hai. Alikuwa gerezani, katika mji huohuo. Tafadhali fikirini jambo hilo: waliokufa kwa ajili ya mshahara na aliyefungwa kwa ajili ya Injili walikuwa chini ya utawala mmoja, katika mji mmoja, mwaka mmoja. Nani amewahi kuwasimulia watoto wetu mambo hayo mawili kwa pamoja?

Koloni lilikuja kulitambua kanisa la Kimbangu 24 Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru. Mwaka 1960 mwili wake ukapelekwa Nkamba. Mwili ulikwenda, lakini ile miaka thelathini ni yetu, na tumeiacha kama mali isiyo na mwenyewe.

Basi Mkatoliki asiseme Kimbangu si wa kwetu. Mmethodisti asiseme, wala mtu wa kanisa la Garenganze. Nchi hii iliamshwa na watu waliosoma Biblia kwenye benchi za misioni na watu waliofungwa kwa sababu ya kuisoma, na mara nyingi walikuwa watu walewale.

Mwalimu wa Katuba, mwalimu wa Ruashi, usingoje waraka kutoka Kinshasa! Andika ubaoni 1921, 1941, 1951, uwaeleze watoto. Wazee wa komini za Kenya na Kamalondo, mliokuwa vijana mwaka 1951, au mliosimuliwa na baba zenu, semeni; milango ya redio hii iko wazi. Mapadri na wachungaji, hubirini jambo hili kabla ya 6 Aprili, kila mmoja katika kanisa lake. Na ninyi wakubwa wa mji, mnaojua kuandika majina ya kampuni za shaba kwenye mabango makubwa, andikeni na jina la Kimbangu.